Nyembe za wazee zisipimwe kilo kisa mpini umevunjika

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi niongee na wenzangu wa Moshi na Arusha wenye nyembe za zamani, zile za kukunja alizokuwa ananyolea babu uani na kioo kimening'inia kwenye mti. Naziona sana sokoni Kiboriloni, zimemwagwa kwenye turubai pamoja na makufuli na koki mbovu, mpini umepasuka, na muuzaji anakwambia chukua tu, usipochukua naupeleka skrepa. Inaniuma kwa kweli. Chuma kizima kile, kilichokufa ni mpini!

Wa babu yangu umeandikwa Solingen, ule mji wa Ujerumani wa visu na nyembe. Mpini wake ulikuwa mweupe wa kimanjano, ukoo mzima tunajua ni pembe ya ndovu, kumbe ni seluloidi, plastiki ya zamani, ukiisugua kwa nguvu na kidole inanuka kafuri. Na seluloidi ikizeeka inaoza, inatoa mvuke wa asidi, ndo maana wembe ulikuwa unaota kutu palepale unapolala ndani ya mpini hata ukiupaka mafuta kila siku. Mpini wa hivyo ukianza kupasuka usiubembeleze na gundi, utoe, na moto uwe mbali maana unawaka haraka sana.

Mi mwanzo nilimpelekea fundi mmoja mjini, akaigonga ile ribiti, pini inayoshika wembe kwenye mpini, kwa nguvu itoke, makali yakamegeka karibu na ncha. Siku mbili sikuwa na raha. Ribiti haitolewi vile jamani, unafunga kwanza makali na selotepu, halafu unakula kichwa chake taratibu na tupa ndogo mpaka washa, kile kiduara cha chuma chini ya kichwa, idondoke, ndo unaisukuma itoke yenyewe.

Mpini mpya tulichonga Arusha kwa mchonga vinyago, akanipa mabaki ya mpingo, mti huohuo Wazungu wanaotengenezea zumari zao za klarineti, mzito na ukiupiga msasa unang'aa wenyewe bila vanishi. Tulipasua vibao viwili vya milimita 3, tukavishikiza na gundi kidogo ili vitobolewe pamoja, kwa sababu matundu yakipishana hata kidogo wembe unalala upande na makali yanagusa mbao kila unapofunga. Biti ya milimita 1.6, na tulivunja mbili, mpingo mgumu ule. Na zibeni pua, vumbi lake linawasha ngozi na kifua.

Pini sikuagiza popote, nilikata fimbo ya shaba ya kuchomelea kwa fundi redieta. Ila watu wanasahau kabari, kile kipande kidogo kinachokaa kati ya vibao kule mwishoni, hicho ndo kinaviachanisha wembe upite katikati. Kabari za zamani nyingi ni za risasi, usizipige msasa, vumbi la risasi ni sumu. Pini ya kwenye wembe unaigonga mwisho kabisa, nyundo ndogo, vigongo vyepesi vingi, kila baada ya vichache unafungua na kufunga uone kama unabana au unalegea, ukiwa na haraka hapo kibao kinapasuka na unaanza upya.

Sisemi vinyozi wazirudishe saluni, hapana, pale wembe mpya kwa kila mteja ni lazima kwa sababu ya magonjwa ya damu. Nasema za nyumbani, za kidevu chako mwenyewe.

Na kuna kijana pale Kiboriloni ana nyembe mbili, mmoja umeandikwa Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, mpini haupo kabisa lakini mgongo wake bado umenyooka. Kama anasoma gazeti hili, au kuna anayemfahamu, namwomba sana asizipeleke skrepa, mwisho wa mwezi nakuja na hela yake.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi