Kuni za kubanikia: tupasue kabla ya vuli

Habari za asubuhi, mama zangu na ndugu zangu wa mwaloni, hapa tunaposhushia samaki. Magogo ya mkaratusi yameshushwa nyuma ya matanuri ya kubanikia samaki. Naomba tuyapasue wiki hii hii, yakiwa bado mabichi. Mkaratusi ukikauka nyuzi zake hukaza na shoka linanasa.

Kata vipande vya sentimita 40, upasue hadi unene wa kifundo cha mkono. Penye fundo usipige katikati, anzia pembeni kwa kabari. Gogo lisilopasuliwa hukauka pole pole mno kwa sababu gome linafungia maji ndani.

Kupanga ndiko tunakoharibu. Tanguliza mawe au miti miwili chini, kuni zisiguse udongo, maana mchwa hawachelewi. Achia nafasi kati ya kipande na kipande, ubavu wa rundo uelekee upepo wa ziwani. Turubai lifunike juu tu. Ukilishusha hadi chini, unyevu unabaki humo na kuni zinaota ukungu.

Tukiwahi sasa Julai, hadi vuli ya Oktoba zitakuwa tayari. Utazijua: ncha zimepasuka nyufa, gome linabanduka, na ukigonganisha mbili zinalia kwa sauti kali. Kuni mbichi moto wake hutumika kuchemsha maji yaliyomo, moshi unakuwa mzito, sangara anatoka mweusi na mchungu huku ndani hajakauka.

Msonobari na mbao zilizopakwa rangi au dawa zisiingie tanurini kabisa. Wenye shoka na kabari, andikeni majina hapa leo.