Moto wa Berezina: barua kwa swahiba wa Moshi

Mombasa, Julai

Swahiba yangu,

Salamu nyingi, na mama mfikishie shikamoo yangu. Huku kusi inavuma mchana kutwa. Nikifungua dirisha, rangi inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye kazi, nikilifunga, nachemka. Ndiyo sababu siku hizi napaka usiku.

Picha za kisanamu chako cha askari unachokipaka rangi nimezipata. Mwenyewe umesema askari wako anaonekana kama mtu aliyemwagiwa mchuzi wa nazi uliokolea binzari. Nimecheka, na siwezi kukukatalia. Lakini rangi hazina kosa, umezichagua vizuri. Shida ni kwamba umemwashia moto mtu aliyekwisha kuvaa mchana. Koti la buluu linang'aa, mabega yamepata mwanga wa juu kama tulivyozoea kuwapa wote, kofia vilevile, kisha juu ya hayo yote ukatandaza rangi ya machungwa. Jicho likiona jua na moto pamoja, jua ndilo linaloaminiwa.

Mimi wangu nilianza kwa kuamua ni moto gani. Kwenye boksi wameandika tu kwamba ni askari wa miguu wa Kifaransa, Urusi, 1812. Ameketi juu ya mkoba wake, miguu imefungwa matambara, shali ya kike kaitupia juu ya koti, mikono kainyoosha mbele. Basi nikamweka penye mto Berezina, katika Belarusi ya leo, usiku wa tarehe 28 Novemba. Napoleon, mfalme wa Wafaransa, alikuwa ametoka Moscow tarehe 19 Oktoba, na jeshi lilikuwa limeshamomonyoka njiani kwa njaa, baridi na mapigano. Pale mtoni, jenerali Jean Baptiste Éblé na mafundi wake waliingia majini katikati ya mapande ya barafu, wakajenga madaraja mawili karibu na kijiji cha Studienka. Wengi wa mafundi hao hawakuishi kuona mwaka mpya, na Éblé mwenyewe alifariki mwishoni mwa Desemba.

Sasa sikiliza. Usiku ule wa tarehe 28 kulikuwa na nafasi ya kuvuka. Éblé aliwahimiza watu waliopotezana na vikosi vyao wavuke, wengi wakakataa kuacha mioto yao. Walikuwa wamepata joto, na kesho ilionekana iko mbali. Asubuhi ya tarehe 29 madaraja yakachomwa moto ili Warusi wasiyapite, na maelfu ya watu walikuwa bado hawajavuka.

Nilipomjua huyu ni nani, nikajua pia moto wake uweje. Uwe mtamu. Wapakaji wengi wa askari wa 1812 humjaza mtu mateso: pua nyeusi kwa baridi, macho yamezama, barafu kwenye masharubu. Wangu nilitaka awe ameridhika. Mbele yake kila kitu kina joto, na nyuma ya mgongo wake, kule lilikoelekea daraja, ni giza tupu. Sikuchonga daraja. Anayelijua ataliona.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: osha yote, anza upya na nyeusi. Kisha usiku zima taa, washa koroboi, hicho kibatari chenu, uiweke pale kuni zitakapokaa. Piga picha kwa simu kutoka pande zote. Utashangaa. Mwanga unatoka chini na mbele, kwa hiyo unashika viganja, magoti kwa ndani, chini ya kidevu, chini ya ukingo wa shako, ile kofia yake ndefu ya kijeshi. Mabega hayapati kitu. Juu ya kofia hakuna kitu. Yaani ni kinyume cha mkono wetu ulivyozoea, na mkono utagoma. Uweke mbali kidogo moto wako, usiwe chini kabisa ya uso, la sivyo atafanana na jini.

Halafu kuna umbali. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaobaki ni robo. Ukizidi mara tatu, ni sehemu moja ya tisa. Kwenye kisanamu cha milimita 75 hilo linaonekana wazi. Viganja viko sentimita 2 kutoka kwenye ndimi za moto, uso sentimita 4, juu ya shako sentimita 6 hivi. Usiifuate hesabu hiyo kwa rula, maana uso ukiupa robo kweli hutauona, ila ikae kichwani unapochovya brashi. Viganja ndivyo vyenye haki ya kung'aa. Wewe umeupa uso mwanga sawa na mikono, na mgongo pia umepata wake, sijui kutoka wapi.

Kwenye rangi nitakaa kidogo, maana hapo ndipo utamu ulipo. Moto wa kuni una nyekundu na manjano tele, buluu kidogo mno. Kitambaa cha buluu hung'aa kwa kurudisha mwanga wa buluu. Kisipopewa, kitarudisha nini? Koti la Mfaransa, mbele ya moto, linakuwa karibu jeusi. Nililipaka kwa hudhurungi iliyokolea iliyochanganywa na buluu ya Prussia, na upande wa moto nikaongeza manjano ya udongo iliyozimuliwa sana, ikatoka rangi chafu ya tope lenye ukijani. Ukiitazama peke yake kwenye paleti utaitupa. Ikikaa karibu na upande mweupe wa kifua ulioshika moto, jicho lenyewe linasema hiyo ni buluu. Nyeupe ndiyo inayopokea kila kitu: paka manjano iliyopauka karibu na moto, kisha machungwa, kisha nyekundu ya kutu, kisha iache ipotee. Kola nyekundu inawaka bila kusaidiwa. Shali nimeifanya damu ya mzee gizani na nyekundu kali mbele, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. (Unajua mwaka 1806 Napoleon alijaribu kuvalisha baadhi ya vikosi nguo nyeupe kwa sababu nili, rangi ya kutilia buluu nguo, ilikuwa adimu? Mpango ule ukafa. Ungeendelea, mimi na wewe tungelala mapema.)

Ukipata mtandao mzuri, tafuta picha za mchoraji Georges de La Tour, Mfaransa wa Lorraine, alifariki 1652, akasahauliwa karibu kabisa mpaka 1915. Tazama ile ya Yosefu seremala iliyoko Louvre, makumbusho ya Paris. Mtoto ameshika mshumaa, na mwanga unapita kwenye nyama ya vidole vyake. Ndipo nilipojifunza kingo za vidole vya askari wangu zipate mstari mwembamba wa nyekundu iliyoiva, siyo manjano. Tazama pia jinsi alivyo bahili wa rangi: hudhurungi, nyekundu, manjano, na giza.

Moto wenyewe usiuogope. Ndimi nimezifanya kwa vipande vya resini angavu, ile plastiki inayopitisha mwanga. Sehemu inayong'aa zaidi iko chini, karibu na kuni, na ncha ndizo zenye wekundu na giza. Wewe umegeuza, ncha zako ni za manjano. Na pasiwe na kitu popote kwenye kazi nzima kinachong'aa kuliko hapo chini, hata nukta ya jicho. Nukta ya jicho, kwa taarifa yako, inakaa sehemu ya chini ya mboni.

Vifungo na bamba la shaba la shako usivipake rangi ya chuma. Ile ina unga unaomeremeta, itashika taa ya sebuleni kwako na kutangaza kwamba moto ni wa uongo. Paka hudhurungi, kisha nukta moja ya machungwa upande wa moto. Vanishi iwe isiyo na mng'ao kabisa, kwa sababu hiyohiyo.

Theluji imenitesa, maana mimi nimeiona kwa mbali tu, juu ya Kibo, tena siku mawingu yalipokubali. Wewe unayeamka nayo dirishani, hebu nitazamie: jua likichwa, kivuli juu ya theluji kina buluu kiasi gani? Nimepaka kijivu chenye buluu na sijaridhika.

Na yule jamaa wa mabasi akija Mombasa mwisho wa mwezi, mpe ile chupa yako ya buluu ya Prussia, yangu imebaki mkorogo. Nami nitampa resini angavu iliyobaki, inakutosha mioto miwili.

Ni mimi swahiba wako wa Pwani