Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Uliopita na Suala la Reale ya Barghash

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu, wanachama wenzangu wa Jumuiya yetu ya wakusanyaji sarafu, wa Unguja na Pemba,

Katiba yetu inanitaka niwasilishe taarifa hii kila mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tulikutana mara nne, mara tatu mjini Unguja na mara moja Chake Chake. Tuliwaonesha wanafunzi wa skuli mbili paisa za shaba za mwaka 1299 wa Hijria, zile zenye alama ya mizani. Mafunzo ya kupiga picha za sarafu yalifanyika, katalogi mpya imenunuliwa, na tumepata mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Mizani hiyo ilizungumzwa miaka mitatu mfululizo bila ya kununuliwa mpaka uongozi huu ulipoisimamia, na naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.

Hesabu ni hizi. Tulianza mwaka na shilingi 612,000. Ada zilizotarajiwa kwa wanachama 46, kwa shilingi 5,000 kila mwezi, ni 2,760,000. Zilizopatikana ni 1,450,000. Matumizi ni 925,000: ukumbi 240,000, safari za Pemba 420,000, mizani 85,000, katalogi na posta 180,000. Salio ni 1,137,000. Mshika Fedha anayo daftari na risiti, na kila mwenye shaka aje azione.

Ndugu zangu, waliolipa ada kamili ni 19. Waliolipa nusunusu ni 11. Waliobaki 16 hawakutoa hata shilingi moja mwaka mzima, na baadhi yao ndio wa mwanzo kupiga simu kuulizia bei za mnadani na kuomba mizani ya Jumuiya. Mahudhurio nayo yanasikitisha. Akidi yetu ni watu 24. Katika mikutano minne, ni mmoja tu uliofikia akidi. Mkutano wa Chake Chake ulihudhuriwa na watu tisa, wanne kati yao wakiwa wajumbe wa Kamati waliovuka bahari kutoka Unguja. Wenzetu wa Pemba wamelalamika miaka yote kwamba mikutano haiwafikii. Ulipowafikia, ukumbi ulikuwa mtupu.

Nimeanza na mahudhurio kwa sababu yanahusiana moja kwa moja na jambo lililotugawa mwaka huu, yaani uamuzi wa Kamati wa kutotia dau kwenye reale ya Seyyid Barghash, sarafu ya zamani ya Sultani wa Zanzibar. Wanachama 14 walichanga shilingi 240,000 kila mmoja, jumla 3,360,000, ili Jumuiya ipate reale ya fedha ya 1299 iliyokuwa kwenye mnada wa mtandaoni. Mkutano wa kuamua uliitishwa, wakaja watu 17, akidi haikufika, na mnada ulikuwa unafungwa baada ya siku mbili. Kamati ikaamua kujitoa. Michango yote imerejeshwa, kila mtu kwa saini yake. Maneno yaliyofuata mmeyasikia: kwamba Kamati imeogopa, kwamba Mwenyekiti ameikosesha Zanzibar sarafu yake. Sikuyajibu barazani. Nayajibu hapa.

Lalamiko la kwanza ni kwamba muuzaji alikuwa na sifa ya asilimia 99. Ni kweli. Lakini asilimia haisemi mtu ameuza nini. Kamati ilifungua maoni ya wateja wake moja baada ya moja, na karibu yote yalihusu makava ya simu na waya za kuchajia. Sarafu alikuwa hajawahi kuuza, na mara moja akatokea na reale adimu. Akaunti ya namna hiyo huenda imenunuliwa au imeibwa kwa mwenyewe. Kabla ya kuitazama asilimia, tazameni vitu alivyouza mtu katika miezi 12 iliyopita, na kama miongoni mwao zimo sarafu za bei inayokaribiana na hiyo mnayoitaka.

La pili ni picha. Wapo waliosema sarafu inaonekana wazi, herufi kali, fedha imeiva rangi. Nakubali, picha ilikuwa nzuri sana. Katibu aliitafuta kwa njia ya kutafuta kwa picha, na ikajitokeza kwenye kumbukumbu za nyumba moja ya mnada ya nje, ikiwa imeuzwa miaka kadhaa nyuma. Mkwaruzo ni ule ule: mwembamba kama unywele, unaanzia chini ya tisa ya mwisho ya 1299 na kukata kwa mshazari hadi kwenye meno ya ukingo. Pana na doa jeusi dogo pembeni ya herufi, mahali pale pale. Sarafu mbili halisi haziwezi kuwa na mkwaruzo mmoja.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu Kamati imesingiziwa kuwa ilihukumu kwa picha peke yake. Muuzaji angeweza kuwa ndiye aliyeinunua kwenye mnada ule wa zamani, na akaitumia picha yao kwa uvivu tu. Kwa hiyo tulimwomba mambo matatu: uzito kwa gramu hadi sehemu ya mia, picha ya ukingo, na picha mpya ya sarafu ikiwa juu ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo kwa mkono. Mwenye sarafu mkononi humaliza kazi hiyo kwa dakika tano. Tuliomba mara mbili. Mara ya kwanza alileta picha zile zile. Mara ya pili alisema atafunga mnada mapema na kutuuzia kwa bei nafuu, tulipe nje ya mtandao wa mnada, kwa PayPal, huduma ya kutuma pesa mtandaoni, kwa ile njia ya kutumiana marafiki na jamaa.

Uzito na ukingo hatukuviomba kwa kumsumbua. Reale halisi imepigwa kwa mashine. Bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu, na kalibu huacha dalili: vishimo vya mapovu kwenye uwanja wa sarafu, herufi butu kama sabuni iliyotumika, na mstari wa maungio unaozunguka ukingo, au alama za tupa pale mstari huo ulipofutwa. Dalili hiyo ya mwisho haionekani kwenye picha ya mbele wala ya nyuma, na ndiyo maana walaghai huwa hawaoneshi ukingo. Bandia zilizopigwa kwa mashine ni ngumu zaidi kuzitambua kwa macho, lakini madini yao mara nyingi si fedha, na hapo uzito au ukubwa hukataa kulingana.

La tatu ni hili la "PayPal ingeturudishia". PayPal humlinda mnunuzi aliyelipa kwa njia ya bidhaa na huduma, na humpa siku 180 tangu siku ya malipo kufungua shauri. Aliyelipa kwa njia ya marafiki na jamaa hana ulinzi huo hata kidogo, ndiyo maana tukaelekezwa huko. Na mtandao wa mnada nao haumlindi mtu aliyekwenda kununua nje yake. Shilingi milioni tatu na ushei za wanachama zingeondoka na tusingekuwa na mlango wa kubisha.

La nne: eti sarafu iliuzwa kwa mwengine, kwa hiyo ilikuwa halali. Kuuzwa si ushahidi wa uhalali. Mnunuzi yule huenda anailia hivi sasa, au huenda hajui bado.

La tano limesemwa na wachangiaji wenyewe, kwamba hata nyumba kubwa za mnada tungeweza kuziendea kwa pesa ile. Inawezekana, lakini hesabu iliyosambazwa kwenye simu haikuwa sahihi. Dau la dola 1,000 si dola 1,000. Nyumba za mnada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 25. Tuseme 20, tayari ni 1,200. Ongeza usafirishaji wenye bima, tuseme 50. Benki ikikata asilimia 3 ya kubadilisha fedha, umekaribia 1,290, na forodha bado hujafika. Kwa hiyo anayetaka kutumia 1,000 jumla asipite dau la 750 hivi. Andikeni kiwango cha juu kabla ya mnada, kitieni kwenye mtandao mara moja, na uacheni uwapandishie wenyewe kidogo kidogo. Wanaopandisha kwa mkono dakika za mwisho ndio wanaolipa kuliko walivyokusudia.

Kuhusu saa, mwaka huu wanachama wawili wamekosa minada kwa kuchanganya. Mnada wa London wa saa 10:00 asubuhi, wakati wa baridi kwao, kwetu ni saa saba mchana. Wakati wa joto ni saa sita mchana. Ule unaofungwa saa 19:00 kwa saa za California wakati wa baridi, kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya pili.

Jambo jengine ni reale za Maria Theresa, mtawala wa zamani wa Austria, ambazo wenzetu kadhaa wamezinunua kwa bei ya kuumiza kwa sababu zimeandikwa 1780. Mwaka huo haukuonesheni umri wa sarafu. Malkia alifariki 1780, na reale yake ikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile Vienna, London, Rome, Bombay na kwengineko, na Austria inaendelea kuipiga hadi leo. Inunueni kwa thamani ya fedha yake na uzuri wake, isipokuwa mwenye ujuzi amethibitisha ni toleo la zamani. Vipimo vyake vinajulikana: gramu 28.07, fedha 833 katika 1,000, na ukingoni maandishi ya Kilatini yaliyoinuka. Sumaku haiivuti, lakini na shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na nikeli, haivutwi, kwa hiyo msitosheke na sumaku.

Mkiipokea, leteni kwenye mizani yetu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Ifunge reale kwa uzi mwembamba wa nailoni, izamishe yote bila ya kugusa chini wala pembeni, usome. Ikiwa halisi mizani itasoma karibu na 2.75, kwa sababu 28.07 ukigawa kwa 2.75 unapata 10.2, na huo ndio msongamano (gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo) wa fedha ya kiwango kile. Ya shaba nyeupe yenye uzito ule ule itasoma juu zaidi, kati ya 3.1 na 3.3. Wanaokosea ni wale wanaoacha viputo vya hewa vimeshikana na sarafu. Viputo huongeza usomaji, na reale halali ikatupwa kuwa bandia. Ipangusieni kwa brashi laini ndani ya maji kwanza. Na baada ya hapo, nawasihi, msisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno. Sarafu iliyosuguliwa imepoteza sehemu kubwa ya bei yake na hairudi.

Sarafu zilizofungwa kwenye makasha ya NGC au PCGS, kampuni zinazohakiki sarafu, zina namba ya kuhakiki kwenye tovuti zao. Hakikini, lakini msiishie kwenye namba, kwa kuwa makasha bandia hunakili namba za kweli. Linganisheni picha ya tovuti na sarafu iliyomo, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Kwenye usafirishaji, kanuni za posta za kimataifa haziruhusu sarafu ndani ya bahasha ya kawaida isiyo na bima, kwa hiyo dai bima na saini ya mpokeaji. Wala msimwombe muuzaji aandike "zawadi" au thamani ndogo ili kukwepa ushuru: kifurushi kikipotea, bima hulipa kile kilichoandikwa, na forodha wakigundua kuna adhabu.

Sarafu zinazochimbwa ardhini kwetu, za Kilwa na nyenginezo, Jumuiya haizinunui na haitazinunua. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na elimu yake yote imetokana na kupatikana pamoja, mahali pake. Anayeokota apeleke kwa wahusika wa Makumbusho na Mambo ya Kale.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Inshaallah, kupata sarafu ya Zanzibar iliyo bora kwa njia salama, labda senti za 1908 za Seyyid Ali bin Hamud zenye mnazi, fedha zikiruhusu. Tunatarajia pia kuongeza mikutano ya Pemba na kuwavuta vijana.

Namshukuru Katibu kwa usiku aliokesha juu ya picha ile, na Mshika Fedha kwa kurejesha michango 14 bila ya kukosea hata shilingi. Naomba taarifa ipokelewe, kisha tuingie ajenda ya pili, ambayo ni ada. Daftari liko mezani, na Mshika Fedha anapokea kuanzia sasa hivi.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti