Ilimba ya baba mkwe wako

Pasua, Moshi
Jumapili usiku

Mpendwa Mama Mapacha,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila mdogo ana mafua na mlima hatujauona wiki nzima kwa mawingu.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama bado napiga kinanda au nimebaki mama wa duka la dawa tu. Nilikujibu ovyo kwa sababu mteja alikuwa amesimama mbele yangu na cheti cha daktari. Jibu lenyewe ni hili: napiga, tena kuliko enzi zetu za kwaya, ila ni kuanzia saa nne na nusu mpaka saa sita usiku, hedifoni masikioni, laptopu juu ya meza ya kupigia pasi. Baba yao akiwa safarini na lori, hata saa saba inanikuta. Asubuhi dukani nasinzia nimesimama kama punda.

Kinanda chenyewe hakina sauti, shoga. Kina vitufe 25, kazi yake ni kuiambia laptopu nimebonyeza wapi na kwa nguvu gani. Sauti zinatoka kwenye sampo: mtu alikaa na fidla ya kweli akairekodi noti moja moja, kwa upole, kwa wastani, kwa nguvu. Waliofanya kazi vizuri wamerekodi kila noti mara tatu nne, na programu inazipokezanisha. Usipokuwa na hizo za kupokezana, ukirudia noti moja harakaharaka inalia kama cherehani. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu, nikipakia piano kubwa inaanza kuhema. Kwa hiyo napiga chombo kimoja, nakigeuza kuwa faili la sauti, nakitoa, ndipo napakia kingine. Ni kama kupikia jiko moja: wali ukiiva unaufunika pembeni, unabandika mboga.

Mwezi uliopita nikasema mbona ngoma zote nilizonazo ni za watu wa mbali? Nikatoa kinu cha mama mkwe, nikakiweka juu ya godoro chumbani, maiki karibu na mdomo wake, nikaanza kugonga kwa mchi. Kwanza nikauviringishia kanga, iwe sauti laini. Halafu mchi mtupu. Halafu ubavuni kwa mwiko. Nilichagua saa tisa usiku kwa sababu ndipo bodaboda na mbwa wanaponyamaza. Asubuhi bibi wa jirani akaniita pembeni, kwa adabu kabisa: "Mwanangu, una wageni? Maana nimesikia unatwanga." Baada ya siku mbili mtaa mzima ulishajua kwamba mama wa duka la dawa anatwanga dawa zake mwenyewe usiku wa manane. Wateja wawili wameniuliza kama zinatibu mgongo.

Lakini kinu kinalia, acha! Kimeingia kwenye wimbo wa harusi nilioagizwa na kwaya ya Majengo, na hakuna aliyetambua ni kinu.

Sasa nina ombi. Baba mkwe wako bado ana ile ilimba yake, ala ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba? Katika sampo nilizo nazo kuna vinubi, kuna kengele za aina kumi, ilimba ya Kigogo hamna. Ziko zinazofananafanana, lakini zimelazimishwa zifuate piano, na hapo ndipo zinapokufa. Wagogo wanajenga muziki wao juu ya zile sauti zinazojitokeza zenyewe ndani ya sauti moja nzito. Ile ya saba inakaa chini ya kitufe cha piano kilicho karibu nayo kwa karibu theluthi ya nusu-toni, yaani ya hatua kutoka kitufe kimoja mpaka cha jirani. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, utaisikia: sikio lililozoea piano linadhani amekosea, baada ya dakika moja piano ndiyo inayoonekana imekosea. Kwa hiyo tafadhali mzee asibadilishe chochote. Nitarekebisha vitufe vyangu vimfuate yeye.

Rekodi kila chuma mara tisa: tatu kwa upole, tatu kwa wastani, tatu kwa nguvu. Aache sauti ife yenyewe kabisa kabla ya kugusa tena, asiizime kwa kidole. Ikiwa na vyuma 36 hizo ni sauti 324, kwa hiyo msifanye siku moja, na usiende mikono mitupu. Chukua sukari na majani ya chai, nitakurudishia kwa simu. Tena mwambie wazi ni za nini. Nikiuza wimbo wowote wenye ilimba yake, kuna fungu lake, na jina lake nitaliandika nikipata ruhusa yake.

Usinitumie kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, inabana mpaka mlio unabaki mifupa. Tuma kama dokumenti, au weka kwenye flashi umpe kondakta wa basi la Moshi.

Mpe mzee shikamoo yangu, na mapacha wabusu.

Jambo la mwisho: kabla hamjaanza, zima friji, mngurumo wake unaingia kwenye kila noti. Na weka alamu ya kukukumbusha kuiwasha. Usiku ule wa kinu nilisahau, nikatupa kilo mbili za nyama, na mama mkwe hajaniuliza bado zilikwenda wapi.

Wako,
Mama wa Kinu