Shukrani kwa kaka wa pampu, Hell's Gate

Kaka uliyenikuta nimepata pancha ya baiskeli Jumamosi ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, tukielekea Olkaria kwenye mvuke wa jotoardhi: asante sana. Njia ile ya changarawe tunaipendea utulivu, magari ya kuhesabu, pundamilia ndio wenye barabara. Lakini ukikwama, umekwama kweli! Ulipitisha vidole polepole ndani ya tairi mpaka ukaupata mwiba wa mgunga, ukapangusa vumbi la majivu ya volkano kwenye tyubu, ukaisugua kwa msasa, ndipo ukabandika kiraka na kujaza upepo kwa pampu. Pesa ulikataa katakata, maji ukakubali mafunda mawili. Jina hukutaja. Halafu ukanipita kilimani na baiskeli isiyo na gia hata moja, jamani! Mungu akuzidishie.