Kabla hujaficha lile kopo Nyabyeya

Mwanangu mpenzi,

Natumaini u mzima wa afya huko Kampala. Sisi huku Nyabyeya hatujambo, ila mvua imekaza na barabara ya msituni imekuwa tope tupu.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unataka kuficha kopo la ule mchezo wenu wa jiokeshingi pale kwenye kanisa la Wapolandi, wageni walitafute kwa simu, na umeona makaburini ndipo penye maficho mazuri. Makaburini hapana, mwanangu. Kanisani sikukatazi, lakini nisikilize kwanza.

Jumapili niliwahi kabla ya misa, nikaingia makaburini peke yangu. Kuna kaburi moja dogo, hatua zangu mbili zimelimaliza. Jina limefunikwa na kuvu. Nikashika ncha ya leso nikawa nafuta herufi moja moja, na zile zilizojitokeza zimebanana kiasi kwamba ulimi wangu haukuweza kuzitamka. Nikachuchumaa pale hadi kengele ikalia.

Babu yako, aliyetoka Arua kuja kupasua mbao hapa kwenye msitu wa Budongo, alikuwa akitusimulia habari za hao wazungu maskini, nasi watoto hatukumwamini. Mzungu maskini tangu lini? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Februari 1940 Wasovieti walianza kuzizoa familia za mashariki mwa Poland na kuzipakia kwenye mabehewa kuelekea Siberia. Mwaka 1941, Hitler alipowageukia Wasovieti, familia hizo zikaachiliwa. Mwaka 1942 maelfu kwa maelfu wakavuka kuingia Iran pamoja na jeshi la Wapolandi la Jenerali Anders. Wenye nguvu wakaenda vitani. Akina mama, watoto na wazee wakaletwa kwenye kambi katika makoloni ya Waingereza: Tengeru karibu na Arusha, Koja ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na hapa kwetu. Kati ya 1943 na 1945, vita vikiwa bado vinawaka, watu hao waliopoteza kila kitu wakajenga kanisa la Maria, Malkia wa Poland. Mimi kila nikiliingia hilo ndilo linalonishika.

Na kwao wengi hawakurudi. Vita vilipokwisha nchi yao ilikuwa chini ya utawala wa kikomunisti, basi wakatawanyika, huyu Uingereza, yule Kanada, mwingine Australia. Mahali pa kambi pakawa chuo cha misitu, hicho unachokijua. Wewe unajua kwetu kaburi lina wenyewe: kuna wa kupalilia, kuna wa kuja kusema neno. Yale pale wenyewe wako mbali, na wengi wao sasa ni marehemu. Mgeni akifika, angalau asome jina.

Sasa turudi kwenye kopo lako. Uliniambia mwenyewe kwamba tarakimu ya mwisho katika zile namba za mahali, ambazo simu huzifuata kumwelekeza mtafutaji, ni kama hatua mbili tu ardhini. Sawa, lakini hiyo ni hesabu ya karatasi. Chini ya miti mikubwa simu inaweza kukosea mita kumi na zaidi. Ukificha katikati ya makaburi, mtafutaji atazunguka mita kumi huku na kumi kule, akikanyaga na kuinua kila jiwe linaloinuka. Nimeyaona. Mwaka jana vijana wawili walikuja na simu zao, sijui walikuwa wakitafuta nini, wakang'oa mawe ya ukingo wa kaburi moja na kuyaacha hapohapo. Niliyarudisha mimi, nikilia.

Fanya hivi. Namba za kwanza zimlete mtu mlangoni mwa kanisa. Mwaka ujenzi ulipokamilika umpe tarakimu za mwanzo za namba za lilipo kopo, na mwaka ulioandikwa kwenye kaburi utakalolichagua umpe zilizobaki. Hapo hana njia ya mkato, lazima asimame mbele ya jiwe asome. Kopo lenyewe liwe mbali na makaburi, kwenye shamba letu, kwenye shina la ule mwembe wenye tundu. Usichimbe, najua hata sheria za mchezo zinakataza kuchimba bila ruhusa. Usiweke pipi wala biskuti, nyani wa Budongo watalipasua siku hiyohiyo. Kifuniko kiwe cha kuskurubu, na kwenye daftari la majina ya wanaolipata uweke penseli, maana wino kwa unyevu huu haudumu.

Ulinisimulia ulivyoanza huo mchezo: Marekani walipoondoa ukungu waliokuwa wameutia makusudi kwenye mawimbi ya setilaiti za kuonyesha mahali, Mei 2000, na tarehe 3 ya mwezi huo mtu mmoja wa Oregon akaficha ndoo porini na kutangaza namba zake. Nilifurahi kuisikia. Nilichopenda ni kwamba anayepata huandika jina lake, ajulikane kwamba alifika.

Nimeshaongea na katekista. Anasema hawezi kukubali kwa simu, uje mwenyewe, akuone. Njoo Jumamosi kwa basi la asubuhi, ufike kabla ya mvua ya mchana. Uniletee na brashi laini, ile ya kupakia rangi, isiwe ya waya. Lile jina bado sijalimaliza, nimefika herufi ya tano.

Mama yako