Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Bustani za Nyumbani, Arusha

Ndugu wanachama,

Nawasalimu, hasa ninyi wachache mliofika kwa wakati. Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Kitalu kimetoa miche ya chainizi, figiri, mnafu na nyanya. Samadi tulinunua trela mbili. Mafunzo ya mboji yalifanyika. Wadudu wa kantangaze wamekula nyanya za kila mtu, zangu zikiwemo.

Niende kwenye suala la nyasi, maana najua ndilo lililowatoa wengine nyumbani leo.

Ni kweli, mwezi Juni niliagiza nusu ya uwanja wetu wa nyasi aina ya pemba ing'olewe tupige matuta ya mboga. Maneno yamekuwa mengi: mwenyekiti kauza uwanja, mwenyekiti analima shamba lake kwa jembe la chama. Wengine wanasema tumejinyima wakodishaji wa sherehe. Sherehe zipi? Mwaka uliotangulia tulikodisha mara 3, tukapata 450,000. Maji ya kumwagilia nyasi hizo pamoja na kijana wa kuzifyeka vilitugharimu 710,000. Masika ikishakatika Mei, hapa kwetu mvua ya maana ni mpaka vuli, na pemba isiyomwagiliwa inageuka rangi ya mkeka mkuukuu.

Mkutano wa kulijadili niliuitisha mara mbili. Wa kwanza mlikuja 14. Wa pili 9, na mmoja wa hao 9 alifuata miche yake akaondoka. Akidi ni 33. Nilitakiwa kumsubiri nani? Katiba inamruhusu mwenyekiti kuchukua hatua ya dharura, na maji yalikuwa karibu kukatwa. Kama hiyo si dharura, nielimishwe.

Matuta yale nimeyachimba kwa mikono yangu, siku tatu, tukiwa wawili na mama mweka hazina. Chini ya nyasi tulikuta udongo wa Meru, mweusi, laini kama kahawa iliyosagwa, na njia za fuko kila upande. Mchicha wa kwanza tulivuna siku ya 24. Chainizi 3 ziliondoka tukiwa tumesimama pale pale: shina likatikisika, likazama ardhini taratibu, majani ya juu yakafuata. Tumeshatega. Hata hivyo, hadi Desemba mboga zimeingiza 298,000. Si utajiri, lakini sijawahi kuona mtu akinunua fungu la pemba.

Sasa ada. Wanachama 64, kwa 5,000 kila mwezi, tulitarajia 3,840,000. Zimeingia 2,115,000. Tunadai 1,725,000. Nimepitia daftari ukurasa kwa ukurasa, na sauti zinazonguruma zaidi kuhusu nyasi zina deni tangu Februari. Majina sitayataja, daftari liko mezani, anayetaka alifungue.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutaangalia uwezekano wa tenki la kuvuna maji ya mvua, na pengine ziara ya kujifunza kwa wenzetu wenye mifereji huko juu, fedha zikiruhusu. Nusu ya nyasi iliyobaki haitaguswa, angalau kwa sasa.

Mwisho, mwanachama aliyeazima mashine ya kukatia nyasi mwezi Machi anaombwa airudishe. Aliikuta na petroli.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti